Ave Africa (albamu ya Sunburst)

Ave Africa ni albamu ya kwanza, na ndiyo albamu kamili pekee, ya Sunburst, kundi la muziki wa roki, soul na fanki lililoanzishwa Dar es Salaam, Tanzania, mwaka 1970. Albamu ilirekodiwa na kutolewa nchini Zambia mwaka 1976. Kwa muda wa miaka 40 ilikuwa haipatikani kwa urahisi, na wengi wa walioijua walikuwa wakusanyaji wa santuri za zamani. Mwaka 2016 ilitolewa upya na kampuni ya Strut ya London, pamoja na nyimbo nyingine za kundi hilo, kwa jina la Ave Africa: The Complete Recordings 1973–1976.

Sunburst halikuwa kundi la muziki wa dansi kama yale yaliyotawala kumbi za Tanzania wakati huo, wala halikuwa kundi la taarabu au kwaya. Lilipiga magitaa ya umeme yenye mlio mkali, kinanda na ngoma za mtindo wa Kimagharibi, likichanganya na midundo ya Kiafrika na kuimba kwa Kiingereza na Kiswahili. Kwa sababu hiyo albamu hii ni miongoni mwa rekodi chache zinazoonyesha kwamba muziki wa roki ulipata watunzi wake Tanzania katika miaka ya Ujamaa, kipindi ambacho muziki wa namna hiyo ulitazamwa na viongozi wengi kama kitu cha kigeni.

Jina

Neno "ave" ni la Kilatini na maana yake ni "salamu". Wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki wanalifahamu kutokana na sala ya Kikatoliki ya Salamu Maria, ambayo kwa Kilatini huanza "Ave Maria". Hivyo jina la albamu linaweza kufasiriwa kuwa "Salamu Afrika" au "Afrika, nakusalimu". Jina hilo linalingana na fikra za umoja wa Afrika zilizokuwa na nguvu Dar es Salaam wakati kundi lilipokuwa likikua.

Jina la kundi, Sunburst, ni la Kiingereza na humaanisha miale ya jua inayochomoza ghafla. Majina ya Kiingereza yalikuwa ya kawaida kwa bendi za vijana wa mijini katika miaka ya 1960 na 1970, kwa mfano The Rifters, The Sparks, Barkeys na Safari Trippers. Bendi za watu wazima zilipendelea zaidi neno "Jazz", kama NUTA Jazz, Urafiki Jazz na Polisi Jazz, ingawa muziki wao haukuwa jazi ya Kimarekani bali dansi lenye asili ya rumba.

Mazingira ya Dar es Salaam

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza masikitiko yake kwamba Waafrika wengi waliosoma walikuwa wamejifunza kucheza rumba, chachacha, twist na hata rock 'n' roll, lakini ni wachache waliofahamu ngoma za kwao kama kiduo au lelemama. Tangu mwanzo, basi, roki ilitajwa katika mjadala wa utamaduni wa taifa kama mfano wa kilichoazimwa kutoka nje.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mjadala huo ulipata makali zaidi. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa mwaka 1968, na utekelezaji wake ulianza Januari 1969. Operesheni hiyo ilipinga sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kubadilisha rangi ya ngozi. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul, uliopendwa sana na vijana kupitia santuri za Wamarekani weusi, ulipigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam kwa amri ya uongozi wa mkoa.

Hata hivyo vijana hawakuacha kuupenda muziki huo. Katika jiji kulikuwa na madansi ya mchana, hasa siku za Jumapili, yaliyojulikana kama "bugi". Huko wanafunzi na vijana walicheza muziki wa santuri au wa bendi za rika lao kabla jua halijatua, kwa sababu wengi hawakuruhusiwa kutoka usiku. Bendi za bugi zilianza kwa kuiga nyimbo za James Brown, Wilson Pickett, The Beatles na wengine. Baadhi ya wanamuziki waliolelewa na bendi za vijana walikuja kuwa majina makubwa ya dansi la Kiswahili, wakiwemo Marijani Rajab aliyeimba na Safari Trippers na Patrick Balisidya aliyeongoza Afro 70.

Jambo lingine lililoathiri bendi lilikuwa umiliki wa vyombo. Magitaa ya umeme, amplifaya na vipaza sauti viliagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa kijana wa kawaida. Taasisi za umma ndizo zilizokuwa na uwezo huo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, na majeshi pamoja na polisi yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa bendi ya taasisi alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, lakini alitarajiwa pia kupiga muziki uliokubaliana na malengo ya mwajiri wake. Kundi la kujitegemea kama Sunburst lilikuwa huru zaidi kuchagua muziki wake, ila lililazimika kutafuta lenyewe vyombo na kazi.

Kundi

Sunburst lilianzishwa mwaka 1970, yaani muda mfupi baada ya soul kupigwa marufuku. Lilikuwa kundi la watu wa mataifa mbalimbali, likiwa na Watanzania pamoja na wanamuziki wenye asili ya Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) na Jamaika. Miongoni mwa majina yanayohusishwa na kundi hilo ni James Mpungo, Hembi Flory Kongo, Kassim Magati, Bashir Idi Farhan na Johnny Rocks.

Mchanganyiko huo haukuwa wa ajabu kwa Dar es Salaam ya wakati ule. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika jiji hilo tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe, Namibia na Angola walikuwa na ofisi au wawakilishi huko. Wamarekani weusi na watu wa visiwa vya Karibi walifika kufundisha, kusoma au kufanya kazi, na mwezi Juni 1974 jiji liliandaa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Wanamuziki kutoka Kongo nao walikuwa wameingia Tanzania tangu miaka ya 1960.

Kama ilivyokuwa desturi ya bendi za Tanzania, Sunburst lilikuwa na jina la mtindo wake. NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, Safari Trippers walikuwa na Sokomoko, Afro 70 walikuwa na Afrosa na Urafiki Jazz ilikuwa na Chakachua. Mtindo wa Sunburst uliitwa Kitoto. Jina la mtindo lilikuwa na kazi mbili: kuwatofautisha wanamuziki na wapinzani wao mbele ya wachezaji, na kutangaza kwamba muziki huo ulikuwa na mwenyewe. Kwa kundi lililotumia vyombo na miundo ya roki, kujipa jina la mtindo kwa Kiswahili kulikuwa na maana ya pekee, kwa sababu kulionyesha kwamba halikutaka kuhesabiwa kuwa kundi la kuiga.

Kurekodi kabla ya albamu

Katika miaka ya 1970 mwanamuziki wa Tanzania alikuwa na njia mbili kuu za kurekodi. Ya kwanza ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyofahamika kwa kifupi kama RTD. Bendi iliingia studio ya redio, ikapiga nyimbo zake moja kwa moja, na mkanda ukabaki katika maktaba ya redio. Nyimbo hizo zilisikika nchi nzima, lakini hazikutolewa kwa mauzo kama santuri. Njia ya pili ilikuwa kwenda Nairobi, kwa sababu kampuni na mitambo ya kutengeneza santuri katika Afrika ya Mashariki vilikuwa huko. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi.

Sunburst lilirekodi Radio Tanzania mwaka 1973. Pia lilitoa santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika zenye wimbo mmoja kila upande. Santuri ndogo ilifaa kwa mashine za muziki za baa na kwa wanunuzi wa kipato kidogo, na ndiyo aina iliyotumiwa na bendi nyingi za Afrika ya Mashariki. Santuri ndefu, yaani albamu, ilikuwa kitu cha nadra. Ilihitaji nyimbo za kutosha kujaza pande mbili, muda mrefu wa studio, na mchapishaji aliyeamini kwamba watu wangenunua kazi nzima ya bendi moja. Bendi nyingi maarufu za dansi zilidumu kwa miaka mingi bila kupata nafasi hiyo.

Zambia na kurekodiwa kwa Ave Africa

Nafasi ya kutoa santuri ndefu ilipatikana Zambia. Nchi hiyo, iliyopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ilikuwa na uchumi uliotegemea shaba. Miji ya migodi ya Ukanda wa Shaba, kama Kitwe, Ndola na Chingola, ilikuwa na vijana wenye mishahara, redio na mapenzi makubwa kwa roki ya Uingereza na Marekani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulizuka bendi nyingi zilizopiga roki kwa Kiingereza na kwa lugha za Zambia. Kati ya hizo zilikuwa WITCH iliyoongozwa na mwimbaji Emmanuel "Jagari" Chanda, Amanaz, Musi-O-Tunya na bendi ya Paul Ngozi. Muziki wao baadaye uliitwa Zamrock.

Zambia ilikuwa pia na kiwanda cha kutengeneza santuri mjini Ndola. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilizitaka stesheni za redio kupiga kwa wingi muziki wa nyumbani. Hatua hiyo inafanana kwa lengo na sera ya Tanzania, kwani zote mbili zilitaka kulinda utamaduni wa taifa. Matokeo yake kwa roki yalikuwa tofauti. Katika Zambia, bendi ya roki ya Kizambia ilihesabiwa kuwa muziki wa nyumbani na ikapata nafasi hewani. Katika Tanzania, swali la kama roki inaweza kuwa ya Kitanzania halikupata jibu la kueleweka.

Mahusiano ya nchi hizo mbili yalikuwa ya karibu wakati huo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Mwaka huohuo ndipo Ave Africa ilipotoka. Kwa hiyo albamu hii ni ya kundi lililozaliwa Dar es Salaam, lakini kiwanda, soko na wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa Zambia. Ndiyo maana baadhi ya wakusanyaji huiweka katika kundi la Zamrock, ingawa asili ya bendi ni Tanzania.

Muziki na ujumbe

Gitaa la Sunburst hutofautiana waziwazi na la bendi za dansi za wakati wake. Katika dansi, gitaa la solo hupigwa kwa mlio safi na hufuatana na gitaa la ridhimu kwa mzunguko unaojirudia, hasa katika sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo wachezaji hushika kasi. Katika roki, mlio wa gitaa hukwaruzwa makusudi kwa kifaa kinachokanyagwa kwa mguu, na mpigaji huachiwa nafasi ya kuonyesha ufundi wake peke yake. Sunburst lilitumia njia hii ya pili, huku besi na ngoma zikishika mdundo wa fanki.

Juu ya msingi huo kundi liliweka midundo na uimbaji wa Kiafrika, pamoja na kuitikiana kati ya mwimbaji na wenzake. Bendi nyingine za kipindi hicho zilifanya majaribio yanayofanana. Osibisa, kundi la wanamuziki wa Afrika ya Magharibi na Karibi lililokuwa London, lilikuwa limepata umaarufu mkubwa tangu mwaka 1971, na Santana wa Marekani alikuwa ameonyesha jinsi gitaa la roki linavyoweza kukaa juu ya tumba.

Kati ya nyimbo za Sunburst zilizomo katika toleo la 2016 ni "Ave Africa", "Black Is Beautiful", "Banchikicha" na "Simba Anguruma". Majina hayo yanaonyesha pande mbili za kazi ya kundi. Kwa upande mmoja kuna Kiingereza na wito uliofahamika duniani kote: maneno "Black is beautiful", yaani weusi ni uzuri, yalikuwa kaulimbiu ya harakati za watu weusi wa Marekani katika miaka ya 1960. Kwa upande mwingine kuna Kiswahili na taswira za nyumbani, kama simba anayenguruma.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wa historia wanaweza kulitafakari. Operesheni Vijana ilipinga dawa za kubadilisha rangi ya ngozi kwa hoja kwamba Mwafrika hana sababu ya kuionea haya rangi yake. Muziki wa soul, uliopigwa marufuku mwaka huohuo, ulikuwa umebeba hoja ileile kutoka Marekani. Kundi lililoimba kuhusu uzuri wa weusi kwa magitaa ya umeme lilisimama mahali ambapo sera ya utamaduni na muziki wa vijana vilikutana, ingawa pande hizo mbili zilionekana kupingana.

Kutoweka kwa albamu

Rekodi zote za Sunburst ni za kati ya mwaka 1973 na 1976. Hakuna albamu ya pili iliyofuata, na miaka iliyokuja haikuwa rafiki kwa biashara ya santuri katika eneo hili.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Njia ya kwenda studio na viwanda vya Nairobi ikawa ngumu. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na vita vilivyofuata mwaka 1979 viligharimu sehemu kubwa ya fedha za taifa. Fedha za kigeni zilipungua, na bidhaa kama santuri, sindano za gramafoni na betri za redio zikawa adimu. Katika Zambia nako bei ya shaba ilikuwa imeshuka tangu katikati ya miaka ya 1970, na bendi nyingi za Zamrock zilidhoofika au kuvunjika kabla ya katikati ya miaka ya 1980.

Mfano wa Bukoba na Muleba unaonyesha jinsi mabadiliko hayo yalivyogusa wasikilizaji wa mikoani. Eneo hilo, lililoitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi hadi lilipopewa jina la Kagera mwaka 1979, liko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, lakini ni karibu na Uganda kwa barabara ya Mutukula na limeunganishwa na Mwanza kwa meli. Katika siku za Jumuiya, meli za Ziwa Victoria zilizohudumia bandari ya Bukoba zilifika pia Kisumu na Port Bell, na bidhaa za Nairobi na Kampala zilipita njia hizo. Baada ya mwaka 1977 meli ziligawanywa kati ya nchi wanachama. Mwaka 1978 daraja la Kyaka lilivunjwa katika uvamizi, na mpaka wa Uganda ukawa uwanja wa vita. Kwa msikilizaji wa huko, redio ilibaki kuwa mlango mkuu wa muziki mpya. Bendi ambayo nyimbo zake hazikupigwa mara kwa mara na RTD ilikuwa kama haipo.

Santuri yenyewe nayo ni kitu dhaifu. Hujikunja kwa joto, huharibiwa na vumbi na sindano iliyochakaa, na katika nchi zenye unyevu jalada lake la karatasi huota ukungu. Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, wengi waliachana na gramafoni zao. Nakala za Ave Africa zilizosalia zikawa mali ya wakusanyaji.

Toleo la mwaka 2016

Strut ni kampuni ya muziki iliyoanzishwa London mwaka 1999, inayojulikana kwa kutoa upya rekodi za zamani za Afrika, Karibi na Marekani. Toleo lake la Sunburst la mwaka 2016 lilikusanya mahali pamoja albamu yote ya Ave Africa, nyimbo za santuri ndogo, na nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania mwaka 1973. Lilitolewa kwa santuri, kwa CD na kwa mtandao.

Kazi ya kutoa upya albamu ya zamani ina hatua kadhaa. Kwanza hutafutwa chanzo kizuri cha sauti, yaani mkanda wa studio. Ukikosekana, hutumiwa nakala ya santuri iliyotunzwa vizuri kuliko nyingine. Pili, sauti husafishwa ili kupunguza mikwaruzo na mivumo bila kuharibu mlio wa asili. Tatu, wenye haki hutafutwa ili mkataba ufungwe na malipo yafanyike. Nne, huandikwa maelezo ya historia, mara nyingi kwa kuwahoji wanamuziki walio hai, na kukusanywa picha. Hatua ya tatu na ya nne ndizo hutofautisha toleo halali na nakala ya kuibia.

Katika Tanzania haki hizo zinasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kwa jumla, sheria hiyo hulinda haki za kiuchumi za mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wimbo uliotungwa mwaka 1973 bado unaweza kuwa mali ya mtunzi au warithi wake, hata kama haujasikika redioni kwa miongo kadhaa.

Ave Africa haikuwa peke yake. Katika miaka hiyo kampuni ya Now-Again ya Marekani ilitoa upya kazi za WITCH na bendi nyingine za Zambia, na mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ulitoa taarabu ya Zanzibar na Mombasa pamoja na dansi la Tanzania. Karibu matoleo yote ya namna hii yametoka Ulaya na Marekani, na soko lake kubwa liko huko.

Njia nyingine ya kurudisha wimbo wa zamani

Mwaka huohuo wa 2016 Watanzania walishuhudia mfano tofauti wa kurudi kwa muziki uliopita. Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Bukoba, alikuwa amepata umaarufu mwaka 2001 kwa wimbo wake "Maria Salome", unaojulikana pia kama "Chambua Kama Karanga". Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa "Salome", wimbo mpya uliojengwa juu ya ule wa Saida Karoli. Wimbo huo ulisikika kote Afrika ya Mashariki, na watu wengi waliokuwa watoto mwaka 2001 wakamtafuta mwimbaji wa kwanza.

Njia hizo mbili zina faida na upungufu wake. Wimbo unapotungwa upya, hufikia umati mkubwa kwa haraka, lakini kinachosikika ni sauti ya leo na si rekodi ya zamani. Albamu inapotolewa upya kama ilivyokuwa, hufikia wasikilizaji wachache zaidi, lakini huhifadhi kile hasa kilichopigwa: namna gitaa lilivyolia, makosa ya studio, lafudhi ya mwimbaji na mpangilio wa nyimbo. Kwa mtafiti wa historia, rekodi ya asili ni ushahidi ambao wimbo mpya hauwezi kuchukua nafasi yake.

Umuhimu

Ave Africa haikubadilisha mkondo wa muziki wa Tanzania. Dansi liliendelea kutawala hadi miaka ya 1990, kisha bongo fleva ikachukua nafasi. Umuhimu wa albamu ni wa namna nyingine.

Kwanza, inasahihisha picha iliyozoeleka kwamba muziki wa Tanzania wa miaka ya 1970 ulikuwa dansi, taarabu, kwaya na ngoma pekee. Palikuwa pia na vijana waliotumia roki kusema mambo ya Afrika, na walilipa jambo hilo jina la Kiswahili.

Pili, inaonyesha kwamba sera moja inaweza kuzaa matokeo tofauti kulingana na vifaa vilivyopo. Tanzania na Zambia zote zilihimiza muziki wa nyumbani, lakini nchi yenye kiwanda cha santuri ndiyo iliyowapa Sunburst albamu. Kundi la Dar es Salaam lilibidi livuke mpaka ili kazi yake ibaki.

Tatu, inakumbusha thamani ya kumbukumbu za redio. Sehemu ya toleo la 2016 ilitokana na kipindi kimoja cha kurekodi cha mwaka 1973 katika studio ya RTD. Maktaba ya redio hiyo, iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), ina rekodi za bendi, kwaya na ngoma za mikoa mbalimbali. Mkanda wa sumaku huchakaa kadiri miaka inavyopita, na usiponakiliwa kwa njia ya kidijitali katika muda unaofaa hauwezi kurudishwa. Jambo hilo linahusu roki ya Sunburst kama linavyohusu tenzi za enanga za Wahaya, ambazo mafundi wake wengi walitegemea kumbukumbu na sauti badala ya maandishi.